Jina Nyuma ya Kadi

Ndani ya kitabu ninachofundishia mna postikadi niliyoletewa na rafiki kutoka Uswisi. Mbele yake pana mchoro wa Piet Mondrian: mraba mkubwa mwekundu, vipande vya buluu na njano, na mistari myeusi inayovitenga. Nyuma yake pameandikwa jina la msanii, mwaka 1930 na jumba la sanaa la Zürich linaloutunza mchoro huo. Kwa miaka mingi nimeitumia kuwaeleza wanafunzi kwamba sanaa dhahania ilizaliwa Ulaya.

Mwezi uliopita, nikitoka Njombe, nilishuka Makambako kusubiri basi la Dar es Salaam. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akiuza vikapu vya milulu. Kwenye kimoja, pembetatu za zambarau zilikizunguka kwa mpangilio usioiga mti, mnyama wala mtu. Nikafanya nilichozoea: nikaomba apunguze bei. Akapunguza.

Nilipoketi nikakigeuza kikapu kama ninavyoigeuza ile kadi. Hapakuwa na jina. Nikarudi kumuuliza.

"Jina la nini tena, mwanangu? Kuna deni?"

Deni lipo, ila si lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi. Sisi walimu na maafisa utamaduni twaziita "kazi za mikono" na kuziacha bila jina. Kijikaratasi chenye jina, kijiji na mwaka kingetosha kuanzia. La mama yule ninalo sasa. Muhula ujao nitalitaja darasani kabla ya la Mondrian.