Sanduku la Padri na meli iliyozama

Nyumbani kwangu Kirungu liko sanduku moja la bati. Zamani lilikuwa jeusi. Sasa ni jekundu kwa kutu. Juu ya kifuniko chake imebandikwa karatasi ndogo iliyofifia, lakini ukiileta karibu na dirisha utasoma bado neno moja: Charlesville. Wajukuu wangu walidhani ni jina la mwenye sanduku. Sivyo. Ni jina la meli. Leo nataka kuwaeleza jinsi meli hiyo ilivyoishi na jinsi ilivyokufa. Tena nataka kuungama kosa langu mwenyewe, kwa maana mambo haya mawili ni ndugu.

Mwaka 1958 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Padri mmoja mgeni alifika kwa meli ya ziwa, na sisi watoto tukaitwa kubeba mizigo yake kutoka pwani ya Moba, kupanda mlima mpaka misioni. Sanduku hili lilikuwa zito kwa vitabu. Tulilibeba watu wanne, tukipokezana, na kila aliyepumzika alijisifu kuwa yeye ndiye aliyelibeba mbali zaidi. Jioni Padri alitundika ramani, akatuonyesha njia yake kwa kidole: Antwerpen, mji wa Ubelgiji, bahari kubwa mpaka Lobito, katika Angola, halafu gari la moshi kupita Katanga mpaka Albertville, halafu ziwa, mpaka kwetu. Tukamwuliza: “Padri, meli hiyo ya bahari ni kubwa namna gani?” Akajibu: “Kanisa lenu likilazwa juu yake, itabaki nafasi mbele na nyuma.” Tukacheka, tukadhani anatutania. Hakututania. Charlesville ilikuwa na urefu wa mita 154 hivi, na ilichukua wasafiri zaidi ya mia mbili, pamoja na shehena.

Meli hiyo ilitengenezwa Hoboken, karibu na Antwerpen, ikaanza kazi mwaka 1951. Ilikuwa kitinda mimba kati ya ndugu watano waliozaliwa baada ya vita vya 1939 mpaka 1945. Sikilizeni majina yao: Albertville, Leopoldville, Elisabethville, Baudouinville, Charlesville. Mnayatambua? Ni majina ya miji yetu kama ilivyoitwa na wakoloni. Albertville ni Kalemie ya leo. Leopoldville ni Kinshasa, Elisabethville ni Lubumbashi. Charlesville ni Djokupunda kule Kasai. Na Baudouinville ni hapa hapa petu, Moba na Kirungu. Sisi watoto tuliposikia ya kwamba mji wetu unatembea juu ya bahari, tulijiona watu wakubwa.

Lakini ukweli usemwe wote. Katika meli hizo walipanda watu wa serikali, watu wa makampuni na wake zao, mapadri na masista. Mkongo kupanda kama msafiri lilikuwa jambo la nadra sana. Wakongo wenzetu walikuwamo kama mabaharia na watumishi, kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu. Na chini, katika matumbo ya meli, zilikwenda Ulaya pamba, kahawa, mawese na shaba, jasho la baba zetu. Nitarudia neno hili baadaye.

Padri yule alikaa nasi miaka mingi. Mwaka 1979, alipoitwa kurudi kwao, mimi nilikwisha kuwa mwalimu wa shule. Aliniachia sanduku, na ndani yake daftari za shule zenye majina ya wanafunzi wa kwanza, tangu miaka ya 1930, pamoja na majina ya baba zao na vijiji vyao. Akaniambia: “Mwalimu, daftari hizi si mali yangu wala yako. Ni mali ya wenye majina.” Nikamwahidi kuzitunza. Nikaliweka sanduku pembeni mwa chumba, chini, juu ya udongo.

Mwaka 2013 nikapata barua yake. Alikuwa amepita miaka themanini, na mkono wake ulitetemeka katika maandiko. Aliandika: “Meli yangu imezama.” Halafu akaeleza. Mambo mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, nami nawapa yote kwa mfululizo.

Ndege ndizo zilizoziondoa meli zile. Safari iliyodumu majuma mawili au zaidi ikawa safari ya masaa. Nani tena angelipa ili akae majuma mawili baharini? Ndugu wanne wa Charlesville waliuzwa, na mwishowe wote wakakatwa vipande, wakawa vyuma vikuukuu. Charlesville ilipata bahati. Mwaka 1967 ilinunuliwa na Ujerumani ya Mashariki, ikapewa jina jipya, Georg Büchner, jina la mwandishi wa Kijerumani. Ikabeba mizigo, na pamoja na mizigo vijana waliojifunza ubaharia. Mwaka 1977 ikaacha kusafiri. Ikafungwa katika mji wa Rostock, ikawa shule na bweni. Ujerumani mbili zilipoungana, mwaka 1990, meli ilibaki pale pale, ikawa nyumba ya kulala wageni na vijana.

Wenyeji waliipenda. Serikali ya kule iliiandika katika orodha ya vitu vya kale vinavyolindwa kwa sheria. Lakini tazameni, ndugu zangu: kuandikwa si kupakwa rangi. Chama kilichoitunza hakikuwa na fedha za matengenezo makubwa. Huko Ubelgiji wapenzi wa mambo ya bahari waliomba irudishwe Antwerpen, kwa kuwa ndiyo iliyobaki peke yake katika jamaa yake. Hawakufaulu. Mwisho jina lake likafutwa katika orodha, ikauzwa ili ivunjwe. Mwishoni mwa mwezi wa tano 2013 meli ndogo ya kuvuta iliifunga kamba, ikaanza kuivuta kwenda Klaipėda, katika Lithuania. Haikufika. Tarehe 30 Mei ilizama katika Bahari ya Baltiki, karibu na pwani ya Poland. Meli iliyokata bahari kubwa mara nyingi ilizama ikivutwa kwa kamba, kama ng’ombe mzee anayepelekwa kwa mchinjaji akafa njiani.

Chini ya barua Padri alikuwa ameongeza swali: “Na zile daftari, ziko salama?”

Nililisoma swali hilo nimesimama. Nilikuwa sijalifungua sanduku miaka sita au saba. Nilikwenda pembeni, nikaliinua, na chini yake ikabaki palepale juu ya udongo. Bati lilikuwa limeliwa na unyevu wa sakafu. Daftari za chini zilikuwa zimegeuka kuwa tope jeusi. Katika daftari kumi na moja, nne tu ziliweza kusomeka. Nilikaa kitini, nikawaza: matofali mawili tu. Kama ningeweka matofali mawili chini ya sanduku, majina yote yangekuwapo. Sikukosa fedha. Sikukosa nguvu. Nilisema tu kila mwaka: nitaona kesho.

Basi tangu siku ile nimetaka kujua kwa nini ni vigumu hivi kuiokoa meli ya zamani, na nimeona ya kuwa ugonjwa wake ni ule ule wa sanduku langu, ila ukubwa tu ndio mbalimbali. Nyumba ya matofali ukiisahau miaka kumi, utaikuta imevuja, lakini imesimama. Meli haikuvumilii hivyo. Chuma chake kimo ndani ya maji usiku na mchana, na kutu haina siku ya kupumzika. Baada ya kila miaka michache lazima ipandishwe gudini, ni kusema katika shimo kubwa linalofungwa na kukaushwa maji, ili mafundi wapige nyundo, wapime unene wa mabamba, wabadilishe yaliyokonda, wapake rangi upya. Juu, mvua hupenya katika mbao za sitaha na kuozesha vyumba. Ndani, meli za miaka ile zina asbesto, nyuzi za jiwe zilizowekwa kuzuia moto. Leo tunajua kwamba zinaharibu mapafu, na kuziondoa ni kazi ya wataalamu na ya gharama nyingi. Tena mahali pa kuifunga meli hulipiwa kodi. Na haya yote hutakiwa wakati meli yenyewe haileti tena hata furanga moja.

Mnadhani ni shida ya maskini tu? Hata matajiri hushindwa. Marekani walikuwa na meli iliyoitwa United States. Mwaka 1952 ilivuka bahari ya Atlantiki kwa siku 3, masaa 10 na dakika 40, na kuzishinda meli zote za wasafiri kwa mbio. Ikaacha kazi mwaka 1969. Tangu 1996 ilikaa imefungwa Philadelphia, rangi ikibambuka, na chama cha watu walioipenda kikitafuta msaada. Shauri la kodi ya bandari likafika barazani, ikaamriwa iondoke. Mwezi wa pili 2025 ilivutwa kwenda Mobile, katika Alabama, ili isafishwe kabla ya kuzamishwa kwa makusudi katika bahari ya Florida, iwe makao ya samaki.

Ziko zilizookolewa, lakini ulizeni bei. Waholanzi waliirudisha nyumbani meli yao Rotterdam, ya mwaka 1959. Matengenezo yakazidi hesabu ya kwanza mara nyingi, yakapita milioni 200 za euro, na mwaka 2013, mwaka ule ule Charlesville ilipozama, ikauzwa kwa milioni 30 hivi. Leo ni hoteli, na watu wanaitembelea. Lakini waliolipa wangali wanakumbuka maumivu. Waingereza nao wanayo Great Britain, meli ya chuma iliyoshushwa majini Bristol mwaka 1843. Ilikuwa imetupwa katika visiwa vya Falkland, mbali kabisa kusini, nao wakaivuta mpaka kwao mwaka 1970, wakairudisha katika gudi lile lile ilimozaliwa. Sasa mitambo inakausha hewa inayozunguka tumbo lake mchana na usiku, kwa sababu wamejifunza ya kuwa pasipo unyevu kutu husimama. Hayo ndiyo matofali mawili ya Waingereza.

Mjukuu wangu mmoja, mwanafunzi wa Lubumbashi, alinisikiliza nikisimulia haya, akaniuliza: “Nkambo, unalilia meli ya wakoloni? Si heri imezama?” Sikumkasirikia. Swali lake ni la haki. Nilimjibu hivi: “Mwanangu, kama ingekuwapo, ningependa uingie ndani yake. Ungeona juu meza za Wazungu, na chini mahali pa shaba na pamba. Ungeona jiko walimopikia wenzetu. Pasingehitajika mtu wa kukueleza; macho yako yangetosha. Sasa imezama, nawe huna budi kuniamini mimi, mzee mwenye kusahau.” Akanyamaza kidogo, akasema: “Basi ni shahidi.” Nikamwambia: “Ndiyo. Hata shahidi usiyempenda, usimwache afe kabla hajasema.”

Tusidhani kwamba jambo hili ni la bahari za mbali tu. Katika ziwa letu, upande wa Kigoma, iko Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaileta kwa vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ndugu zetu wakimbizi, makumi ya maelfu, walirudi Kongo kwa meli hiyo. Ni chuma cha Kaisari wa Ujerumani. Lakini nani kati ya mama waliovuka na watoto wao mgongoni atasema si chao? Tanzania imekusudia kuitengeneza wala si kuivunja. Mimi nasema wamefanya vema, nami naomba wasichoke katikati ya kazi.

Nilimwandikia Padri, nikamwambia kweli yote kuhusu daftari. Alijibu kwa mistari michache: “Mwalimu, usihesabu zilizooza. Nakili zilizobaki.” Ndiyo barua yake ya mwisho kwangu, mwaka uliofuata nilisikia amefariki.

Basi, wasomaji wapendwa, kila Jumamosi baada ya kazi za shamba wajukuu wangu wanakuja. Mmoja anasoma majina, mmoja anaandika katika daftari mpya, nami nawaeleza: huyu alikuwa mhunzi, huyu mke wake alitoka Mpala, huyu ndiye babu wa jirani yetu. Daftari ya tatu imekwisha, tumeanza ya nne. Katika parokia zenu pia yako masanduku, na wako wazee. Nendeni mkayainue masanduku hayo leo mtazame chini yake. Langu nimelirudisha pembeni, mahali pake pa zamani, nami nimeliweka juu ya matofali mawili.