Insha ya Jumatano

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam, huna haja ya kuelezwa wiki ya shule inavyokwenda. Lakini kuna jambo nililifanya ndani ya wiki moja ya mwaka 2011, nikiwa darasa la tano, na siwezi kulieleza bila kuzipitia siku zake. Wenzangu katika kurasa hizi huandika mashairi ya mapenzi. Mimi leo naomba nafasi ya kuungama.

Shule yetu ilikuwa Mbagala, jina lake nitaliacha. Jumatatu ilikuwa siku ya mstari mrefu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ikigongwa nawe bado uko njiani, basi tena, umeshashika namba: utafagia uwanja au utachota maji mpaka kipindi cha pili. Mwalimu wa zamu alikagua kucha, soksi na kola za mashati, tukaimba Wimbo wa Taifa, tukaingia darasani. Tulikuwa wanafunzi 90 na ushee katika chumba kimoja. Dawati la watatu tulikaa wanne. Yule wa nne alikalia upande mmoja tu wa tako, na kila baada ya kipindi tulibadilishana ili kila mtu apate zamu yake ya kuumia.

Jumanne ilikuwa ya Hisabati na Kiingereza. Jedwali la kuzidisha tuliliimba. Kiingereza nacho tulikiimba, ila hicho hatukujua tunaimba nini. Vipindi vya mwisho vilikuwa vya Stadi za Kazi, ambazo kwetu zilikuwa na maana ya kung'oa majani nyuma ya vyoo. Huko ndiko mwenzangu wa dawati alikopenda kusimulia hadithi.

Alikuwa msichana mwembamba aliyetoka Rufiji mwaka uliotangulia, akaja kuishi na mama yake aliyeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Darasani alikuwa haongei. Akishika jembe, maneno yanamtoka. Jumanne ile alinisimulia habari za bibi yake na dungu. Kama hujafika kule, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba la mpunga. Watu huhamia humo msimu wa mavuno unapokaribia, wafukuze ndege mchana na nguruwe usiku. Yeye na bibi yake walilala humo. Usiku mmoja wakasikia maji yanapigwapigwa na kitu kizito, kisha mpunga unang'olewa chini yao, kra, kra, kra. Kiboko. Bibi hakupiga debe wala hakupiga kelele. Aliinama ukingoni akamwambia kwa sauti ya upole, kama anavyoambiwa mgeni wa heshima, "Shemeji, umeshiba sasa. Wabakizie na watoto."

"Ikawaje?" nikauliza.

Kengele ikalia. Tukakimbia kuchukua mabegi.

Jumatano tulikuwa na vipindi viwili vya Kiswahili vilivyofuatana, dakika 80. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi. Aliandika ubaoni: "Siku Nisiyoisahau". Ukurasa mmoja na nusu, wenye mwanzo, kiini na mwisho. Insha itakayoshinda ingesomwa Ijumaa mbele ya darasa zima.

Nilikaa nikatazama dari. Mimi sikuwa na siku nisiyoisahau. Siku zangu zote zilikuwa za Mbagala na zilifanana. Mwenzangu alikuwa amekaa pembeni yangu anachonga penseli bila sababu. Daftari lake la Kiswahili lilikuwa limejaa tangu wiki iliyopita na mama yake alikuwa hajanunua lingine. Basi nikaanza kuandika. Niliandika "bibi yangu". Niliandika "shamba letu". Nilipofika kwa kiboko niliziba daftari kwa mkono wa kushoto asione.

Tatizo likawa mwisho. Sikuujua. Nikatunga wangu: wanakijiji wakaja na mienge, askari wa wanyamapori akampiga yule kiboko risasi, nyama ikagawiwa, watu wakala wakasaza. Nikamalizia kwa funzo, kama tulivyofundishwa, kwamba umoja ni nguvu.

Alhamisi ilikuwa ya Historia, Jiografia na Uraia, siku ya kunakili. Mwalimu alijaza ubao, tukanakili, akafuta, akajaza tena. Sikumbuki lolote nililoandika siku ile. Nakumbuka nilikuwa naisubiri Ijumaa na naiogopa.

Ijumaa ilikuwa ya mtihani wa wiki. Kila mtoto alitakiwa aje na shilingi 200 za karatasi. Asiye nayo alitoka nje akakae chini ya mwembe mpaka wenzake wamalize. Mwenzangu alikuwa mzoefu wa mwembe ule. Siku ile alitoka mwenyewe kabla hajatajwa, wakatoka na wengine kama kumi na tano.

Baada ya mtihani mwalimu akaita jina langu. Nilikuwa nimepata tisa juu ya kumi. Nikasimama mbele nikasoma. Darasa lilitulia kuliko nilivyowahi kuliona likitulia, na nilipofika kwenye "Shemeji, umeshiba sasa", watoto walicheka, halafu wakanyamaza tena kusubiri. Hapo ndipo nilipoinua macho. Dirisha letu halikuwa na kioo, lilikuwa na nondo tu. Alikuwa amesimama nje ameshika nondo mbili. Nikasoma mpaka mwisho, na risasi, na nyama, na umoja ni nguvu. Makofi yakapigwa. Mwalimu akasema, "Huyu atakuja kuwa mwandishi."

Hakunishitaki. Jumatatu alikaa palepale, akanipisha nusu ya dawati kama kawaida. Ila nyuma ya vyoo hakusimulia tena. Aling'oa majani tu.

Mwaka uliofuata, 2012, mtihani wa kumaliza darasa la saba ulianza kutumia fomu za kusahihishwa na mashine, na upepo wake ukafika mpaka kwetu la sita. Jumatano ikabadilika. Badala ya insha tukafanya mazoezi ya kuweka kivuli: penseli ya HB, usitoke nje ya alama, ukikosea futa vizuri. Mwalimu wa miwani alituambia, bila furaha, kwamba insha haitoki kwenye mtihani. Alikuwa anasema kweli. Sisi tulifanya wetu mwaka 2013. Katika karatasi ya Kiswahili kulikuwa na sehemu iitwayo Utungaji, na humo ulipewa sentensi nne zilizovurugwa, uzipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Hata kituo hukuweka mwenyewe. Nilizipanga vizuri. Kupanga maneno ya mtu mwingine nilikuwa nimeanza mapema.

Jina langu lilitoka katika waliochaguliwa kwenda sekondari. Lake halikutoka. Michango ya aina ile ilifutwa kuanzia Januari 2016, elimu ilipokuwa bila malipo mpaka kidato cha nne. Wakati huo yeye alikuwa ameshamaliza miaka miwili na ushee mtaani.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, sikuendelea. Ninachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari, na usiku naandika riwaya yangu. Mwaka jana niliipeleka kwa mchapishaji mmoja. Aliisoma, jambo ambalo namshukuru, akanirudishia na maneno machache: hadithi ni nzuri, lakini mwisho umeulazimisha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekunja miswada kwapani, na njia nzima nilikuwa nikimwona kiboko akipigwa risasi.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi nikaenda Rangi Tatu. Nilishasikia ana genge pale. Nikamkuta anapanga nyanya mafungumafungu, mtoto mgongoni. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji. Halafu nikamwambia yote, hapohapo, huku wateja wakipita kati yetu.

Akacheka. "Kumbe unaikumbuka? Mimi nilidhani umeshasahau, kaka mwandishi."

"Nisamehe," nikasema.

"Ulikosea mwisho," akasema. Akampimia mama mmoja vitunguu, akampa chenji, kisha akaendelea kwa sauti ileile ya nyuma ya vyoo. Kiboko hakupigwa risasi. Wala hakumsikiliza bibi. Alikula jaruba lote mpaka alfajiri, na usiku wa pili akarudi na mwenzake. Kulipokucha, bibi alishuka kwenye dungu akahesabu mashuke yaliyobaki, akayahesabu mara ya pili. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Nenda kwa mama yako mjini. Hapa hatutafika masika."

"Ndiyo nikaja nikakaa dawati moja na wewe," akasema.

Nikabaki nimeshika mfuko wa nyanya. Mwisho wa hadithi ile ulikuwa umekaa ubavuni mwangu mwaka mzima, bila daftari, na kila Ijumaa ukatolewa nje kwa shilingi 200. Nami nilikuwa nimeuziba kwa mkono wa kushoto.

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alifikiri kidogo, akamtikisa mtoto mgongoni alale.

"Andika. Jina langu usiliweke, wateja watanitania." Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita tena. "Lakini safari hii kiboko asife."