Kindu: Chuma Kinachong'aa na Mto Unaopokea Yote

Mwezi huu tunawapeleka Kindu, makao makuu ya Maniema. Ninyi wa Kalima, wa Punia na wa Kailo mnaujua mji huu, maana ndiko mawe yenu ya kasiterite yanakopita yakienda kwa walimwengu. Lakini safari hii tusitazame mawe. Tutazame kitu ambacho macho yanakipenda na akili haikiulizi: chuma kinachong'aa.

MJI WA MTO NA RELI

Ukitoka upande wa Kalima utafika kwanza Alunguli, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba. Mbele yako kuna maji mapana, yenye rangi ya chai. Ng'ambo ndiko ziliko Kasuku na Mikelenge, na bandari, na stesheni ya treni. Utavuka pamoja na watu wa kila namna: mama mwenye bidoni za mawese, mwanafunzi mwenye viatu mkononi, kijana aliyelaza pikipiki yake mtumbwini kama mgonjwa.

Mji huu ulikuzwa na reli. Kampuni iliyoitwa CFL iliundwa mwaka wa 1902, na nyuma yake alikuwa tajiri Mbelgiji Édouard Empain. Zamani hata mji wenyewe uliitwa Kindu-Port-Empain. Sababu ya reli ni mto. Kutoka Kindu mashua zaweza kushuka mpaka Ubundu, lakini ukitaka kupanda kuelekea Kongolo, maporomoko yanakuzuia. Basi pale mto ulipokataa, watu wakaweka chuma. Ndiyo sababu honi ya treni ikilia Kindu, watu wanaacha walichokuwa wakifanya na kugeuka. Treni ya kutoka Katanga si ya kila siku!

MNGAO UMETOKA WAPI?

Sasa simama kidogo pale wanapongojea abiria wenye pikipiki. Kila kijana ana kitambaa, anafuta, anafuta tena. Angalia yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, yanayopanda na kushuka barabara ikiwa mbaya. Yanang'aa kama kioo. Kwenye migodi yenye mashine kubwa za kuchimba, ile fito nene inayotoka na kuingia ili kunyanyua mkono wa mashine nayo inang'aa vilevile. Wengi husema, "Ile ni chuma ya nguvu." Si chuma peke yake. Ni chuma kilichovikwa kromu, tabaka jembamba sana.

Kromu ina faida ya kweli. Ni ngumu, haisuguliki upesi, inazuia kutu. Bila kromu, matope ya barabara zetu yangekwangua yale mabomba, na mafuta ya ndani yangevuja mapema. Hatuna sababu ya kuidharau.

Lakini mngao huo ulifanyiwa mbali, ndani ya viwanda ambavyo abiria wa Kindu hatavijua. Na huko, kando ya tangi, kuna mtu amesimama. Ana watoto kama wako. Tumfikirie.

UJI UNAOTOKOTA

Ndani ya tangi mna maji mekundu ya asidi ya kromu, kiasi cha gramu 250 kwa lita moja, yenye joto la digrii 50 hivi. Chuma kinatumbukizwa, umeme unapitishwa, na kromu inakishika. Shida ni hii: sehemu ndogo tu ya umeme, kwa kawaida chini ya robo, ndiyo inayofanya kazi ya kuvika chuma. Karibu umeme wote unaobaki unapasua maji kuwa hewa mbili, hidrojeni na oksijeni. Hewa hizo zinapanda kama mapovu. Kila povu likipasuka juu, linarusha tone dogo sana la asidi.

Mama anayepika uji anaelewa mara moja. Uji ukitokota unarukia mkono. Matone ya tangi ni madogo kuliko hayo. Yanakuwa ukungu, na ukungu unavutwa kwa pumzi.

Kromu iliyomo ndani ya ukungu huo inaitwa kromu ya sita. Inachoma ngozi na kuleta vidonda visivyopona upesi. Inakula ukuta wa katikati ya pua mpaka unatoboka, na pengine mtu hasikii maumivu makali ya kumwonya. Inaleta kansa ya mapafu. Mwaka wa 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kwa hakika kwamba vinaleta kansa kwa watu.

DAWA ILIYOHAMISHA SUMU

Watu wa kazi hiyo wakatafuta dawa ya kumwaga tangini. Nia yao ilikuwa njema: kulegeza uso wa maji ili mapovu yapasuke polepole na yasirushe matone. Sabuni ya kawaida haikufaa, kwa sababu asidi ya kromu inaila upesi. Wakapata dawa zenye florini, na iliyojulikana zaidi inaitwa PFOS. Hiyo ilisimama imara ndani ya asidi. Ukungu ukapungua, na waliokuwa wakikohoa wakashukuru. Walikuwa na haki ya kushukuru.

Lakini tujiulize: kitu ambacho hata asidi ya kromu haiwezi kukila, nani atakila? Udongo hauwezi. Vijidudu vya mtoni haviwezi. PFOS ilitoka na maji machafu ya viwanda, ikaingia mitoni, ikaingia ndani ya samaki, ikaonekana katika damu ya watu, hata wa mbali na kiwanda chochote. Mwaka wa 2009 mataifa yaliiingiza katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa sumu zisizooza. Huko Marekani, dawa za PFOS zilikatazwa katika matangi ya kromu kuanzia Septemba 2015. Na mwaka wa 2023 IARC ilisema kwamba PFOS huenda inaleta kansa kwa watu.

Unaona mambo yalivyokwenda? Sumu ilitolewa kifuani mwa mfanyakazi, ikawekwa mtoni kwa jirani.

Hapo ndipo Kindu inatufundisha. Shuka asubuhi mpaka ukingoni mwa Lualaba. Mama anafua, watoto wanaoga, mvuvi anavuta wavu, msichana anajaza bidoni ya maji ya nyumbani. Hayo yote ni mto mmoja, saa moja. Mto haukatai kitu unachopewa, na samaki hachagui anachokula. Dawa inayosafisha hewa na kuchafua mto bado haijawa dawa.

KUCHAGUA VIZURI

Basi chaguo bora ni lipi? Wataalamu wanafuata ngazi, na ngazi hiyo yafaa ujue.

Kwanza, kuiacha kromu ya sita kabisa. Kwa vitu vya urembo kama bomba za maji kuna kromu ya tatu, ambayo hatari yake ni ndogo sana kuliko ile. Kwa fito za mashine kazi ni ngumu zaidi, lakini zipo njia za kunyunyizia chuma metali iliyoyeyushwa kwa moto. Mwaka wa 2023 jimbo la California liliamua kwamba kazi ya urembo iache kromu ya sita kuanzia 2027, na kazi ya kukaza chuma kufikia 2039.

Pili, kama tangi linabaki, lifunikwe. Kuna mipira ya plastiki inayoelea juu ya asidi, na kuna mifereji inayovuta hewa ya kando ya tangi na kuipitisha katika vichujio.

Tatu, dawa ya mapovu. Hapa uwe macho. Ukiambiwa, "Hii haina PFOS," usimalize maswali. Dawa nyingi za badala yake, kama ile inayoitwa 6:2 FTS, bado zina florini. Hazikai mwilini muda mrefu kama PFOS, lakini mabaki yake nayo hayaozi. Uliza kama ipo isiyo na florini kabisa, na kama imejaribiwa katika tangi la namna hiyo. Uliza pia juu ya povu: povu nene linanasa hidrojeni, na cheche moja inatosha kulipua.

Barakoa na glavu ni za mwisho. Zinasaidia, lakini mwenye kiwanda asizitumie kama kisingizio cha kuacha hayo mengine.

NA SISI JE?

Pengine utasema, "Mimi sina tangi la kromu." Ni kweli, lakini mapovu unayo. Ukichaji betri ya gari ndani ya chumba, hewa zilezile mbili zinapanda na kurusha ukungu wa asidi, na hidrojeni inangoja cheche. Chaji nje, au mlango na dirisha vikiwa wazi, mbali na moto na mbali na kitanda cha mtoto.

Na ninyi mnaokaa karibu na machimbo ya dhahabu: kama kwenu wanatumia zebaki, mvuke wake ni hatari kuliko moshi wa kuni, na wala hauonekani. Usichome zebaki jikoni. Mtoto na mama mjamzito wasikaribie. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kurudisha zebaki, kinapunguza hatari. Kuacha zebaki ni bora zaidi. Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 unataka nchi zikomeshe kuchoma zebaki penye makao ya watu. Jina hilo ni la mji wa Japani ambako watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki, ugonjwa uliojulikana rasmi mwaka wa 1956. Kule nako, kiwanda kilimwaga na samaki wakapokea.

Vijana, wengi wenu mtakwenda kutafuta kazi Lubumbashi, Bujumbura au Dar es Salaam. Mkifika mlangoni mwa atelie yoyote ya chuma, ulizeni kwa heshima maswali matatu kabla ya kuuliza mshahara: Mvuke wa kazi hii unakwenda wapi? Maji machafu yanakwenda wapi? Dawa mnayotumia imeandikwa nini juu ya chombo chake? Bwana kazi mwema atajibu bila kukasirika. Na akikasirika, hilo nalo ni jibu.