Shule ya kwetu: maoni ya watu watatu, na yangu

Wasomaji wangu, mnisamehe kwa kimya cha majuma matatu. Nilikuwa nyumbani Kilifi, kijijini kwetu, mwendo wa saa moja na ushee kwa matatu kutoka Malindi, kisha bodaboda, na mvua ikinyesha basi ni miguu yako na viatu mkononi. Safari yenyewe ilikuwa ya heri. Mdogo wangu alikuwa anaingia gredi ya 10 Januari hii ya 2026, kulikuwa na sanduku la kununua, na mama hapendi kununua sanduku bila kuwa na mtu wa kumlaumu kufuli likiharibika.

Nilipokuwa kule nikakumbuka deni. Machi 2024 niliandika gazetini habari fupi kuhusu shule ile ile ya kwetu. Haikuwa na uongo hata neno moja. Mhariri aliisifu. Lakini sijawahi kuandika habari iliyonitia aibu kama ile, na leo nataka niieleze hapa ambapo hakuna mtu wa kunikatia maneno.

Kwa wenzangu mlio nje ya Kenya: sekondari msingi ni miaka mitatu ya katikati, gredi ya 7 hadi ya 9, iliyokuja na mtaala wa CBC. Sisi wa 8-4-4 tulifika darasa la nane, tukafanya KCPE (mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023), kila mtu akajua alama zake kati ya 500, tukabeba godoro kwenda kidato cha kwanza. Mpango wa awali wa CBC ulikuwa watoto wa gredi ya 7 wakae katika shule za sekondari, na maelfu ya madarasa yalikuwa yamejengwa huko kwa ajili yao. Desemba 2022 jopo la mageuzi ya elimu, mwenyekiti wake akiwa Profesa Raphael Munavu, likapendekeza wabaki katika shule za msingi. Mwezi mmoja na kitu baadaye, Januari 2023, kundi la kwanza likaingia. Mdogo wangu alikuwa humo. Hakuhama lango, hakuhama hata mwembe anaokalia wakati wa mapumziko. Alihama darasa, akavaa shati jeupe badala ya la buluu, akaambiwa sasa yeye ni wa sekondari.

Wiki ile mama alinipigia simu. "Baba," (huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la babake) "tumwache hapa au tumpeleke kule mjini?" Kule mjini ni shule moja ya kibinafsi ambayo karo yake ilikuwa 28,000 kwa muhula, basi la shule mbali. Mimi wakati huo nililipwa kwa kila habari inayochapishwa, na mwezi wenye habari chache niliujua tumboni. Nikamjibu mama kama ninayesoma tahariri. Kwamba shule ya umma ndiyo shule yetu sote. Kwamba wenye sauti wakiikimbia itabaki ya wasio na sauti. Kwamba mimi mwenyewe nilisoma pale, na si nilifika chuo kikuu? Yote hayo nayaamini mpaka leo. Ila kabla sijayasema nilikuwa nimeshapiga hesabu kwenye simu, 28,000 mara tatu kwa mwaka mara miaka mitatu, na hesabu hiyo sikumwambia.

Mama akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Mtoto akabaki.

Sasa tuje kwa habari yenyewe. Mwaka mmoja baadaye mhariri wangu alitaka tuone sekondari msingi zinaendeleaje. Maagizo yalikuwa ya kawaida: mzazi mmoja, mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja, maneno 600, Ijumaa saa sita. Mwanahabari yeyote anaijua kazi ya namna hii. Unakwenda ukiwa na mashimo matatu tayari, kilichobaki ni kutafuta watu wa kuyajaza. Nikachagua shule ya kwetu kwa sababu naijua, na (niseme ukweli) kwa sababu nauli ingenifikisha kwa mama.

Mzazi nilimpata haraka, jirani yetu mwenye watoto wawili pale. Alisema shule ni nzuri, watoto hawalali mbali, lakini hakuna maabara. Nikaandika. Mama alipojua nimemhoji jirani alininunia. "Na mimi si mzazi?" Nikamweleza kwamba maadili ya kazi hayaniruhusu kumhoji mama yangu mzazi. Akaniuliza hayo maadili yamekatazwa pia kula mahamri yake? Usiku ikabidi nimhoji, bila kalamu.

Maoni ya mama kuhusu shule ile hayakuwa na maabara wala mtaala ndani yake. Yeye huuza mahamri na mbaazi barabarani alfajiri. Mdogo wangu humsaidia kubeba beseni saa kumi na moja, anarudi kuoga, na saa moja kasoro kengele ikilia anaisikia akiwa uani. Angekuwa bweni, au kwenye basi la mjini, nani angebeba beseni? Na kuna jambo jingine alilolisema polepole, akitazama kando. Dada yetu mkubwa alipelekwa bweni akiwa na miaka kumi na minne, na hakumaliza. Alirudi na mimba. "Huyu analala hapa," mama akasema, akipiga mkeka kwa kiganja. "Mimi hiyo shule naipenda kwa sababu huyu analala hapa."

Hilo nalo ni maoni kuhusu shule. Ningeliweka wapi kwenye maneno 600?

Mwalimu alikuwa kijana wa rika langu, kwa kweli alinitangulia mwaka mmoja chuoni, tulikumbukana sura. Alikuwa mwanagenzi. Kama hujui, walimu wengi wa sekondari msingi waliingia kwa mkataba wa mafunzo wa shilingi 20,000 kwa mwezi, na makato yakishafanya kazi yake zinabaki kama 17,000. Shahada yake ni ya Kiswahili na Dini. Muhula wa kwanza wa 2023 alikuwa mwalimu pekee wa gredi ya 7 pale, kwa hiyo alifundisha Kiswahili, Dini, Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Kilimo, na yale masomo ya kiufundi ambayo mwenyewe alikuwa akiyasoma usiku kwa tochi ya simu ili ayafundishe asubuhi. Wakati huo masomo yalikuwa zaidi ya kumi; yalipunguzwa yakawa tisa 2024. Alipoletewa mwenzake, mwalimu wa kike wa Hisabati, alisema alilala siku nzima ya Jumamosi.

"Kaka," akaniambia, "usiandike jina langu."

Nikamwahidi. Akanifungulia moyo. Alisema anapenda wale watoto lakini shule ina wenyeji na wageni, na yeye na wanafunzi wake ni wageni katika boma la watu. Ofisi ya walimu haina kiti chake. Fedha za serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi ni 15,042 kwa mwaka, za msingi ni 1,420, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuwafanya watu wasisalimiane vizuri. Alisema mkuu hamshauri chochote.

Nikaandika: "Mwalimu mmoja mwanagenzi anayefundisha Kiswahili na Dini, ambaye hakutaka jina lake litajwe, alisema..." Nililificha jina kama nilivyoahidi. Sasa wewe niambie, katika shule yenye walimu wawili tu wa sekondari msingi, mmoja wa kike na wa Hisabati, nilimficha nani? Hata watoto wa chekechea wangemtaja. Gazeti lilifika kijijini Jumatatu. Jumanne aliitwa ofisini akaandikishwa barua ya kujieleza. Sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mama, aliyeambiwa na mpishi wa shule.

Nilimpigia mara nne. Mara ya tano alipokea, akanisalimu vizuri, akaniulizia kazi, akasema yuko darasani. Ilikuwa Jumapili.

Nisiwe mwonevu hapa. Mkuu wa shule nami nilimwachia mstari mmoja tu, kwamba "hakupatikana kutoa maoni," maneno tunayoyapenda sana sisi. Alikuwa hapatikani kwa sababu alikuwa Malindi akifuatilia fedha zilizochelewa. Mtu yule anaendesha chekechea, msingi na sekondari msingi ndani ya ua mmoja, na vyoo vilivyojengwa nikiwa darasa la tatu. Alizoea kuongoza shule ya watoto wa kufuta makamasi, akaletewa vijana wa kuota ndevu na walimu wenye shahada wanaomtazama kama mzee wa zamani. Sikumuuliza analala vipi.

Na mwanafunzi? Mwanafunzi niliyemnukuu alikuwa mvulana wa gredi ya 8. Alisema, "Tunaomba serikali itujengee maabara." Mnaijua sentensi hiyo. Ukimwonyesha mtoto wa Kenya kinasa sauti, ndiyo itakayotoka.

Mdogo wangu alisoma habari ile jioni ya Jumatatu, amesimama mlangoni. Alipomaliza hakusifu wala hakutukana.

"Umeandika hatuna maabara."

"Kwani mnayo?"

"Hatuna." Akakunja gazeti. "Mbona hukuandika lile jaribio la maua?"

Nilikuwa silijui. Akanieleza, na nilipokuwa nikimsikiliza nilianza kuona joto usoni. Muhula uliopita yule mwalimu wa Kiswahili na Dini, ambaye alifundishwa sayansi mara ya mwisho akiwa kidato cha nne, aliwaambia wachume yale maua makubwa mekundu ya haibiskasi yaliyozunguka ofisi ya mkuu. Wakayachemsha kwa sufuria ya mpishi. Maji yakatoka rangi ya zambarau. Akawagawia kwenye vifuniko vya chupa. Wa safu hii wakamulia ndimu, maji yakawa mekundu. Wa safu ile wakatia maji ya majivu, yakawa kijani. Kisha kila mmoja akaambiwa alete kitu cha nyumbani akipime, na mdogo wangu akapeleka siki, magadi na sabuni ya mama ya kufulia. Alikuwa na daftari la kuonyesha, kurasa sita, zimepakwa rangi zenyewe badala ya kuchorwa, na harufu ya ndimu bado imo.

"Tulifurahi sana siku ile," akasema. "Mkuu alikuja akatazama. Alisema maua yake tumeyamaliza, lakini alicheka."

Kumbe katika ua ule ule ambao niliuandika kama uwanja wa vita na shimo la umaskini, mkuu aliwahi kucheka na mwalimu juu ya sufuria moja. Nami nilikuwa nimefika, nimeuliza, nimeondoka, na sikuliona kwa sababu halikuwa katika yale mashimo yangu matatu.

Miezi miwili baadaye, Mei 2024, wanagenzi waligoma nchi nzima. Mahakama ilikuwa imesema Aprili kwamba mpango ule wa uanagenzi unakiuka katiba, nao wakadai ajira ya kudumu. Pale kwetu gredi ya 7 na ya 8 walikaa chini ya mwembe siku baada ya siku. Mdogo wangu akawa anarudi saa nne kuuza viazi karai na mama. Mama, yule wa "hiyo shule naipenda", alinipigia na sauti nyingine kabisa: "Baba, hiyo ya mjini bado wanachukua watoto?" Nikasema nitauliza. Niliuliza. Karo ilikuwa imefika 31,000. Sikumpigia tena, na mgomo ulipoisha naye hakuniuliza.

Mwalimu alirudi. Januari 2025 alikuwa miongoni mwa wale wanagenzi wapatao 46,000 walioajiriwa kwa kudumu, na akabaki pale pale hadi kundi la kwanza lilipofanya KJSEA mwishoni mwa 2025. Matokeo yalipotoka Desemba mama alitaka kujua namba ya ngapi na alama ngapi. Hakuna namba, nikamwambia, na hakuna jumla. Kuna kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa chini ya matarajio. Akafikiri kidogo. "Matarajio ya nani?" Sina jibu la swali hilo, na nimeshalipeleka kwa maafisa wawili wa elimu nao hawana. Katika sayansi mdogo wangu alizidi, katika Hisabati alikaribia. Amechaguliwa mkondo wa sayansi, katika shule ya bweni, na usiku wa kuamkia safari mama alikaa macho akipanga na kupangua lile sanduku.

Asubuhi, tukisubiri bodaboda, mwalimu alipita na baiskeli yake. Alisimama. Alimpa mdogo wangu mkono, akamwambia asome. Akanipa na mimi mkono. Nilianza kusema kuhusu ile habari, akanikata: "Wacha hayo, kaka. Siku hizi nina kiti." Akaondoka.

Tukiwa bado barabarani jirani yetu akaja, yule yule niliyemnukuu 2024. Mtoto wake wa pili ameingia gredi ya 6. Mwakani ni sekondari msingi. Ameuza ng'ombe, ana kitu kidogo. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti na nimezunguka, amwache pale au ampeleke mjini?

Nikamwambia aniachie niulize-ulize, nitampigia. Hii ni wiki ya tatu. Namba yake ninayo.