Jasho la Fundi

Kosa letu hatulifichi, huenda likamfaa mwingine. Tuliona mafuta ya breki ya gari la madrasa yamepungua. Tukajifanya wajuzi, tukajaza oili ya injini. "Mafuta ni mafuta," tuliwaambia vijana, nao wakaitikia, maana ni maalim asemaye.

Siku chache baadaye tulitoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam na watoto kumi. Tulipofika Zinga breki ziliganda, magurudumu yakafuka moshi. Fundi mmoja akalala mchangani chini ya gari. Alitueleza kuwa oili ile huvimbisha mipira ya breki. Akaibadili yote, akasafisha mabomba, akatia mafuta yapasayo. Alianza dhuha, akamaliza baada ya alasiri.

Alipotaja ujira tulinung'unika: "Ghali mno!" Mtoto mmoja akauliza, "Maalim, si umetufundisha kuwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka?"

Tukamtazama fundi: shati lilikuwa limelowa chepe. Tukaona haya, tukalipa kamili, tukamwomba radhi.

Basi wazazi, tusiguse tusilolijua. Na ajuaye tumpe haki yake bila ya kumnung'unikia.