Bwambale Yupi?

Mimi ndiye niliyemfundisha bibi yangu wa Bwera kutuma pesa kwa simu. Nilimsisitizia aifiche nambari ya siri, nikadhani kazi yangu imekwisha.

Mwaka jana mtu alimpigia, akamsalimu kwa Lukonzo kwa heshima zote, kisha akasema, "Mama, Bwambale wako ameumia."

Bibi akashtuka. "Huko Mweya?"

"Ndiyo, Mweya."

"Ni kiboko?"

"Ni kiboko, mama. Tunampeleka hospitali Kasese, wanataka shilingi 200,000."

Akatuma. Nambari ya siri hakumtajia mtu, kama nilivyomwagiza.

Jioni mjomba akapiga simu, mzima kabisa, akiuliza kama mvua imenyesha. Nilipopata habari nilimfokea bibi, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Alijitetea kwamba yule mtu alijua kila kitu, hata jina la mwanawe.

Nilimwomba anisimulie mazungumzo yote, neno kwa neno. Ndipo nilipoona. Sisi Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Mama yeyote mwenye wavulana wawili huenda ana Bwambale wake. Tapeli alibahatisha hilo tu. Mweya alipewa na bibi mwenyewe, na kiboko pia, kwa sababu pale kati ya Ziwa Edward na mfereji wa Kazinga viboko ni wengi na hofu hiyo anaishi nayo kila siku.

Kumwambia asipokee nambari ngeni haiwezekani. Anauza maharage, na wateja wake wa ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe hubadilisha laini mara kwa mara. Kumkatia simu mtu aliyekusalimu vizuri, kwake, ni utovu wa adabu. Basi tulikubaliana jambo moja: yeye aulize, asijibu. "Bwambale yupi? Anafanya kazi wapi?" Halafu anyamaze. Na kabla ya kutuma chochote ampigie mwenyewe kwa nambari ya zamani.

Mwezi uliopita mjomba alipoteza simu, akaazima ya mwenzake.

"Mama, ni mimi Bwambale."

"Bwambale yupi?"

"Mama! Mwanao!"

"Anafanya kazi wapi?"

Mjomba akacheka badala ya kujibu. Bibi akamwaga kwa adabu, akakata. Ilibidi mjomba apitie kwa jirani.