Ukitaka kazi ya kuandika michezo, anza na uwanja wa kwenu

Msomaji mpenzi, huenda nyumbani kwako yumo kijana ambaye gazeti likifika hulifungua kutoka nyuma. Kurasa za siasa hana haja nazo. Anajua Gor Mahia walicheza na nani, nani alifunga na katika dakika ya ngapi. Ukimuuliza angependa kazi gani, atakujibu bila kusita: uandishi wa michezo. Wewe mzazi unatabasamu, lakini moyoni unajiuliza iwapo hiyo ni kazi ya kumlisha mtu au ni kisingizio cha kutazama mpira.

Swali lako ni la haki, nami sitalipamba jibu. Kazi ipo, lakini wanaoitaka ni wengi na nafasi ni chache. Magazeti ya kila siku humu nchini ni machache, na meza ya michezo katika gazeti haihitaji umati wa watu. Vyuo navyo havichoki kutoa wahitimu mwaka baada ya mwaka. Ongeza wachezaji waliostaafu ambao redio na televisheni huwapenda kwa sababu majina yao yanajulikana. Kisha ongeza vijana wa Nairobi wanaoweza kupanda matatu asubuhi na kubisha mlango wa mhariri. Je, aliye mbali afanye nini?

Mimi ni mzaliwa wa Lodwar, mjini kando ya mto Turkwel. Nilipomaliza diploma ya uanahabari mwaka 2014, nilirudi nyumbani nikiwa na cheti kipya na deni la zamani. Karo yangu ilikuwa imelipwa kwa mbuzi, mmoja baada ya mwingine, na wazee walikuwa wakingoja kuona faida yao. Nilituma barua za maombi Nairobi, nyingine kwa posta na nyingine kwa baruapepe. Kimya.

Ukitafakari kidogo utaelewa sababu. Tuseme mhariri amepokea barua mia moja. Zote zinasema mwombaji anapenda michezo tangu utotoni, ana bidii na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Vyeti navyo vinafanana kama mayai. Sasa amchague nani?

Wakati huo mjomba wangu aliniletea habari njema. Shirika moja la misaada huko Kakuma lilitaka mtu wa kuandika ripoti. Mshahara ulikuwa wa kila mwezi, nyumba na chakula juu yake. Yeyote anayeijua Turkana anajua maana ya kazi ya namna hiyo: ni ng'ombe wa maziwa wa ukoo mzima. Lakini ingenifunga ofisini kutwa, na mkataba wake haukuruhusu mtu kuandikia magazeti. Nikamwomba mjomba, kwa heshima, anipe miaka miwili. Nikishindwa, nitaitafuta kazi ya ofisi mwenyewe. Mzee alitikisa kichwa. "Miaka miwili," akasema, "na mbuzi hawarudi."

Kakuma nilienda hata hivyo, ila kwa kibarua cha ukalimani kilicholipwa kwa siku na kumalizika saa nane mchana. Kakuma iko yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara ya kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, walipowasili watu waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye walifuata wengine kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Jua linapopungua makali, kuanzia saa kumi hivi, vijana hutoka kwenda kucheza. Uwanja ni vumbi. Mstari wa pembeni ni alama ya mguu wa mtu aliyeuburuta ardhini. Wenyeji Waturkana hucheza na wageni, na mashabiki husimama chini ya miti ya mathenge.

Kwa ripota, huo ulikuwa mtihani ambao chuo hakikunipa. Hakukuwa na orodha ya wachezaji. Jezi namba tisa zingeweza kuwa tatu katika timu moja. Mchezaji mmoja alikuwa na jina la kwenye kadi, jina la nyumbani na jina la uwanjani, na ukiliandika visivyo umemfuta mwenye bao lake. Dawa niliyoitumia ilikuwa rahisi: nilimpa mchezaji daftari na kalamu, akaliandika jina lake kwa mkono wake. Chini yake niliandika bao, dakika, jina la mwamuzi na mechi itakayofuata. Msimu ulipokwisha, makocha waliobishana kuhusu matokeo ya miezi iliyopita walikuja kunitafuta ili nifungue daftari.

Kisha dunia ikageuka kutazama Kakuma. Mwaka 2015, Wakfu wa Tegla Loroupe, yule bingwa wetu wa marathoni, uliandaa mbio za kuwachuja wakimbiaji miongoni mwa wakimbizi. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong kufanya mazoezi. Juni 2016 ikatangazwa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, watu 10 kwa jumla, na watano kati yao walikuwa wametoka Kakuma: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro. Agosti mwaka huo, mjini Rio, Rose ndiye aliyeibeba bendera ya timu. Waandishi walifunga safari kutoka mabara mengine kuja kuona vumbi lile lile nililokuwa nikilikung'uta kwenye viatu kila jioni.

Wala si mara ya kwanza kwa upande huu kutoa habari kubwa. Paul Ereng, aliyenyakua dhahabu ya mita 800 mjini Seoul mwaka 1988, ni wa jamii ya Waturkana. Awer Mabil, aliyekuwa katika kikosi cha Australia kwenye Kombe la Dunia nchini Qatar mwaka 2022, alizaliwa kambini Kakuma mwaka 1995. Watu kama hao huanzia mahali ambapo hakuna kamera. Mwandishi aliyeko hapo, mwenye daftari lililoandikwa vyema, ana kitu ambacho kijana wa Nairobi hawezi kukipata hata akibisha mlango wa mhariri kila siku.

Barua yangu ya mwaka uliofuata ilikuwa ya ukurasa mmoja. Haikusema napenda michezo. Ilisema niko Lodwar na Kakuma, nina matokeo ya msimu mzima, nasema Kiturkana na Kiswahili, na hizi hapa ripoti zangu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mechi, kwa maneno 200. Ya pili ilimhusu mwamuzi mmoja anayeamua mechi za mataifa yasiyosikilizana lugha. Ya tatu ilieleza jinsi timu maskini inavyochanga pesa za kununua mpira mmoja.

Tuliitwa watu kumi na wawili kwa nafasi moja. Mhariri hakugusa vyeti. Alitupa karatasi yenye matokeo na majina, akatutaka tuandike habari kwa dakika ishirini. Kisha akamwuliza kila mmoja: ukifika uwanjani usikute orodha ya wachezaji, utafanyaje? Wengi walijibu kwamba wangepiga simu kwa shirikisho. Mimi nilimfungulia daftari.

Nafasi ile sikuipata. Aliipata kijana aliyekuwa na uzoefu wa redio, na alistahili. Lakini wiki mbili baadaye mhariri yule alinipigia simu: niwe nikiwatumia habari kutoka Turkana, nilipwe kwa kila habari itakayochapishwa. Msomaji, malipo hayo yalikuwa madogo. Kuna miezi hayakutosha hata nauli ya Kakuma. Kibarua cha ukalimani ndicho kilichonilisha. Miaka miwili ya mjomba ilipokaribia kwisha, niliitwa Nairobi kwa kazi ya kudumu. Mzee hakunipongeza. Alituma salamu tu kwamba sasa naweza kuanza kurudisha mbuzi.

Siku hizi naandika makala za aina nyingi, na michezo ni sehemu tu. Lakini mlango niliouingilia ni ule, na wazazi wananiuliza wawafungulieje watoto wao. Nawaambia mambo manne.

Kwanza, mpeni kijana muda wenye kikomo, na kikomo hicho kitajwe wazi. Bila hivyo, subira ya nyumbani hugeuka kuwa ugomvi.

Pili, awe na kazi ya kumpa chakula huku akiandika. Kuandika bure mwezi mmoja ni kujifunza. Kuandika bure miaka mitatu ni kunyonywa.

Tatu, akiwa binti, ulizeni atarudije. Mechi huisha giza likikaribia, na nauli ya bodaboda wa kuaminika ni sehemu ya gharama ya kazi kama vile kalamu.

Nne, asipokee bahasha ya kocha wala ya mwenye timu, hata kama ni ya "chai". Mhariri akisikia, daftari lote linapoteza thamani.

Nawe mwanafunzi, usingoje chuo kikupe uwanja. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliwafanya watu waione mechi kwa masikio kupitia redio ya taifa, kwa Kiswahili kitamu. Jaribu nawe: zima sauti ya televisheni, utangaze dakika kumi, umwulize nyanya yako kama ameelewa nani ana mpira.

Jumamosi hii, saa kumi jioni, kuna mechi mahali fulani karibu na kwenu. Nenda na daftari. Ukirudi, andika maneno 200 kabla ya kulala, na kila jina liwe limeandikwa na mwenyewe.